Ati simu ndiyo imemgonga!

Najua nimekuwa kimya tangu semesta ianze, na wapo walioanza kusema nimepata sapu nyingi nikajificha. Hapana jamani! Nilikuwa nauguza. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikipayuka mtanisamehe.

Wiki tatu zilizopita jirani yangu wa deka ya juu (wengi mnamfahamu, kanikataza kumtaja jina) aligongwa na pikipiki hapa hapa Chuno, pale tunapovukia kwenda kununua vitumbua. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni, kiza ndiyo kinaingia. Na siku yenyewe ilikuwa ile ambayo kila mwenye mkopo anaijua moyo unavyodunda: CR katuma ujumbe kwenye grupu kwamba bumu limeingia. Sasa nani asingetazama simu? Akaitoa, akainamisha kichwa asome salio, akashuka kwenye lami. Bodaboda huyo! Mguu umevunjika chini ya goti, meno mawili ya mbele hayapo, na simu yenyewe kioo kimekuwa utando wa buibui.

Yuko hai, tunamshukuru Mungu. Anachechemea na magongo, na anatusumbua usiku kucha tumpe maji.

Kilichonikera si bodaboda. Kilichonikera ni sentensi moja niliyoisikia siku hiyo kutoka kwa kila mtu, kama vile walikaririshwa. Bodaboda mwenyewe: "Dada huyu alikuwa kwenye simu." Waliokuja kushangaa: "Alikuwa kwenye simu." Tulipofika hospitali, kabla hata ya kuulizwa anaumwa wapi: "Alikuwa kwenye simu, siyo?" Mama wa vitumbua, ambaye nampenda kama mama yangu mzazi, naye akatikisa kichwa: "Mwanangu, hizi simu zitawamaliza." Hakuna hata mmoja aliyeuliza pikipiki ilikuwa inakwenda kasi gani. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale pana giza. Simu imekuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu!

Halafu kikaitwa kikao cha hosteli. Nikasema haya, sasa tutapata maana. Tukahutubiwa dakika arobaini kuhusu kizazi cha sasa. Mwishowe likatoka azimio, na utekelezaji wake mtaukuta kwenye ubao wa matangazo karibu na ngazi: karatasi moja ya A4, yenye muhuri, imeandikwa kwa herufi kubwa MARUFUKU KUTUMIA SIMU UNAPOVUKA BARABARA. Basi. Hiyo ndiyo hatua ya usalama iliyobuniwa. Na imebandikwa ndani, korido, mahali ambapo hata baiskeli haijawahi kupita.

Nataka niseme wazi ili mtu asinisingizie. Kutembea barabarani umekodolea macho kioo ni uzembe. Mimi mwenyewe nafanya, wewe unayesoma unafanya, pengine sasa hivi unasoma haya huku unatembea. Lakini swali langu ni hili: uzembe wa sekunde mbili adhabu yake iwe mguu? Iwe kifo? Nani kaipanga hiyo adhabu?

Nilikaa nikapiga hesabu (na mimi nasoma Kiswahili na Historia, kwa hiyo wa Hisabati mnisahihishe). Mtu akitembea kawaida anakwenda kama mita moja na kidogo kwa sekunde. Ukiangalia simu sekunde 2, umekwenda mita 2 na nusu hivi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa, katika sekunde hizo hizo 2, imekwenda mita 33. Ikiwa inakwenda 30, imekwenda chini ya mita 17. Kosa la mtembea kwa miguu ni lile lile. Sekunde ni zile zile. Kilichobadilika ni kasi ya mwingine.

Hebu tuvuke barabara yote. Lami ya mita 7 unaivuka kwa sekunde 6 hivi. Katika sekunde hizo chombo kinachokwenda 60 kinakula mita 100. Yaani unaposhuka kwenye lami, kinachokuja kukuua kiko mbali kiasi kwamba hata ukitazama kulia na kushoto kama tulivyofundishwa darasa la pili, jioni yenye kiza huwezi kujua kinakuja kwa kasi gani. Na sheria ya nchi hii haisemi 60, wadau. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni 50. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema miaka mingi kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa inaongezeka mara 4.5 kasi ya gari linalomgonga inapotoka 50 kwenda 65. Mara nne na nusu! Mbona hiyo haijabandikwa karibu na ngazi?

Sasa niwaambie kitu kilichonifanya nicheke peke yangu maktaba. Sisi wa ualimu tunasoma Saikolojia ya Elimu, na kuna ile mada ya usikivu ambayo wengi wetu tuliisoma kwenye desa usiku wa kuamkia mtihani tukaisahau asubuhi. Mwaka 2009 Ira Hyman na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, Western Washington, walimchukua mtu wakamvalisha nguo za kichekesho na pua nyekundu, wakampandisha baiskeli ya tairi moja, akawa anazungukazunguka kwenye uwanja wa chuo. Kisha wakawauliza waliopita: umemwona kichekesho kwenye baiskeli ya tairi moja? Kati ya waliokuwa wanaongea na simu, ni robo tu waliomwona yule kichekesho. Robo! Tena hao walikuwa wanaongea tu, macho yao yako wazi yanatazama mbele.

Kwa hiyo tatizo haliko machoni, liko kichwani. Na kama liko kichwani, simu ni mlango mmoja tu. Mwingine kichwani ana ada. Mwingine kapigiwa kwamba bibi kazidiwa Newala. Mtoto wa darasa la kwanza kichwani ana mpira unaobingirika. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani hawezi hata kugeuza shingo atazame kushoto. Mzee masikio yamekwisha. Hao wote tuwabandikie karatasi? MARUFUKU KUWA NA BIBI MGONJWA UNAPOVUKA BARABARA? Na kabla simu za mkononi hazijaingia nchini miaka ya 1990, watu hawakuwa wakigongwa?

Mwalimu gani anaandaa somo akitegemea wanafunzi 80 watamsikiliza dakika zote arobaini bila hata mmoja kusinzia? Tukienda mazoezi ya kufundisha, mkaguzi akikuta andalio la somo la namna hiyo anakukata alama. Unatakiwa ujue mapema kwamba watasinzia, upange somo ambalo aliyesinzia dakika mbili akiamka bado anaweza kulikamata. Barabara nayo ni hivyo hivyo. Barabara inayodai binadamu asikosee hata mara moja maisha yake yote ni andalio bovu la somo, na kwenye barabara anayekatwa alama ni mwanafunzi.

Wenzetu huko ughaibuni nao wamehangaika na hili la simu, na wamefanya vituko. Mwaka 2016 mji wa Augsburg, Ujerumani, ulichimbia taa chini kwenye vituo vya treni za mjini, ili aliyeinamisha kichwa aone nyekundu hapo hapo anapotazama. Mwaka 2017 mji mdogo wa Bodegraven, Uholanzi, ukaweka mstari wa taa kwenye lami ya kivuko, unabadilika rangi pamoja na taa za barabarani. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kuwazawadia wazembe. Mwaka huo huo Honolulu, Marekani, wakatunga sheria: ukivuka huku unatazama simu, faini, kosa la kwanza dola 15 mpaka 35. Na mji wa Yamato, Japani, mwaka 2020 ukapiga marufuku kutembea na simu machoni, ila bila adhabu yoyote, wanakuomba tu kwa adabu.

Nilipomsimulia jirani yangu haya ya taa za chini alicheka mpaka akashika mbavu. "Chuno waweke taa chini? Kwanza waweke juu!" Nilishindwa kujibu. Taa ya chini inaweza kusaidia mahali ambapo pana taa ya juu, pana njia ya kutembelea kando, pana kivuko kinachoheshimiwa. Kule simu ndiyo tobo la mwisho wanaloziba. Kwetu tunataka kuanza na tobo la mwisho kwa sababu kuliziba ni bei ya karatasi moja na gundi.

Na mtindo huu wa kumlaumu anayegongwa si wa leo, msidhani umeletwa na WhatsApp. Peter Norton, mwanahistoria wa Marekani, aliandika kitabu mwaka 2008 kinachoeleza jinsi miaka ya 1910 na 1920 magari yalipoanza kujaa mijini kule na kuua watoto wengi. Mwanzoni watu walikasirikia madereva. Barabara ilikuwa ya wote: watoto wanacheza, wachuuzi wanauza. Wapenzi wa magari na wenye biashara ya magari wakaona hapa tutakosa wateja. Wakalikuza neno la kumtukana anayevuka ovyo, neno lenye maana ya mshamba asiyejua kutembea mjini. Mpaka shuleni likafika. Kizazi kimoja tu, barabara ikahama kutoka mikononi mwa watu wote ikawa ya magari, na aliyegongwa akawa mshamba aliyejitakia. Mnaona? Karatasi yetu ya korido ina babu yake.

Mji wetu nao una historia yake. Mtwara hii ilichorwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga. Bandari, reli ya kwenda Nachingwea, kila kitu kilipangwa kwa ajili ya mzigo. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, tukabaki na mtaa unaoitwa Reli usio na reli. Lakini mchoro wa mji ulibaki: mitaa imetawanyika, sehemu moja na nyingine ni mwendo. Na mzigo haukuisha. Msimu wa korosho malori, saruji malori, miaka ya karibuni makaa ya mawe kutoka Ruvuma kuja bandarini, malori. Sipingi, bandari ikilala na mji unalala. Nasema tu kwamba mji umechorwa ukimfikiria anayesafirisha, na sisi tunaotembea kwa miguu, ambao ndio wengi, tumeachiwa ukingo wa mchanga kati ya lami na mtaro. Ukingo wenyewe jioni una meza za chipsi na bajaji zilizoegeshwa. Unatembea wapi? Kwenye lami. Ukigongwa? Ulikuwa kwenye simu.

Msije mkasema mimi nalaumu tu sina suluhisho. Suluhisho lipo na limeshajaribiwa hapa hapa Tanzania. Pale Dar es Salaam kuna shirika linaitwa Amend, lina mpango wa kupita kwenye shule za msingi ambako watoto wanagongwa mno. Wanafika, wanakaa, wanaangalia watoto wanapita wapi hasa, siyo wanapotakiwa kupita. Halafu wanaweka vitu vya kawaida kabisa: njia ya kutembelea pembeni, tuta, pundamilia, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande kwenye njia ya watoto. Mahali pengine wamehamisha geti la shule tu, lisitazame barabara kubwa. Geti! Walipopima, majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya dunia ya miji ya WRI Ross. Na hakuna mtoto wa darasa la kwanza aliyehutubiwa dakika arobaini kuhusu kizazi cha sasa.

Kwa hiyo pale kwetu tunapovukia nataka nini? Nataka kivuko kiinuliwe. Yaani pundamilia ichorwe juu ya tuta pana, ili mwenye chombo apunguze mwendo apende asipende, awe na haraka, awe amelewa, awe naye yuko kwenye simu. (Tena hilo mbona hatulisemi? Bodaboda wangapi wamebana simu kwenye helmeti wanaongea? Karatasi yao iko wapi?) Rasta ziwekwe kabla ya hapo kila upande, zimtingishe aamke. Katikati pawe na kisiwa kidogo, hata cha mita moja na nusu, ili nivuke nusu nipumue nivuke nusu. Kisiwa maana yake natakiwa kuwa makini sekunde 3, halafu sekunde 3, badala ya 6 kwa mkupuo, na kila mara natazama upande mmoja tu. Na taa moja. Sisemi kumi, moja, imulike pale pale. Meza za chipsi zirudi nyuma hatua mbili. Hili nimeshaongea na wenyewe, hawana shida, walisema hakuna aliyewahi kuwaomba.

Nimeshasikia majibu. Mmoja kwenye grupu kaandika kwamba matuta yanachelewesha wagonjwa wanaokimbizwa hospitali. Kaka, wengine wa wagonjwa hao wanakimbizwa kwa sababu hapakuwa na tuta! Na sijaomba matuta kila hatua kumi mpaka Mikindani, nimeomba mahali pamoja watu wanapovuka. Mwingine kasema hela hakuna. Hilo nalikubali nusu. Mguu wa jirani yangu nao una bei: chuma cha ndani ya mfupa, nauli ya mama yake kutoka Mbeya mpaka huku na kurudi, semesta anayoelekea kuahirisha. Bei hiyo inalipwa, ila haionekani kwenye bajeti ya barabara kwa sababu inalipwa na watu mmoja mmoja, kimya kimya.

Wa tatu, huyu ndiye aliyenigusa, kauliza: sasa wewe ukivuka, simu utaiweka wapi? Mfukoni. Tangu siku ile naiweka mfukoni, nilisikia sauti ya mfupa. Hata jirani yangu anasema akipona hatavuka tena na simu mkononi. Lakini mimi nimebadilika kwa kuona damu, na mwakani watakuja mwaka wa kwanza wengine 300 ambao hawajaona damu, na bumu litaingia jioni.

Sasa kazi. Mimi na wenzangu wanne tumeandika barua kwa ofisi inayohusika na ile barabara, nakala serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuuliza swali moja lililotunyamazisha: "Wanangu, watu wangapi wanavuka hapo kwa siku?" Tukatazamana. Hatujui! Sisi wasomi hatujui. Akasema ofisini wataulizia hilo hilo, kaleteni namba.

Kwa hiyo Jumatano ijayo, siku ambayo wengi hatuna lekcha za asubuhi, tunahesabu. Zamu ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, ya pili saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Wawili wanahesabu wanaovuka: watoto, wazee, wenye mizigo, wenye simu mkononi (ndiyo, na hao tutawahesabu, hatuna cha kuficha). Wawili wanahesabu vyombo. Mshkaji wa Fizikia kapima mita 50 kwa kamba, kaweka alama mbili za chokaa kwenye ukingo. Ukishika saa chombo kinapita alama ya kwanza mpaka ya pili, kikitumia chini ya sekunde 3.6 basi kimevuka 50 ya sheria. Kamba tunayo, chokaa tunayo, tumekosa watu wa zamu ya jioni tu. Jirani yangu naye atakuwepo, mama wa vitumbua kaahidi kumtolea kiti, na amejipa kazi ya kuandika. Anayeweza aniandikie kabla ya Jumanne usiku. Njoo na kalamu na kofia.